Kiazi Kisicho na Jicho

Fundi saa alikuwa akiishi peke yake nyuma ya kibanda chake cha kazi. Mama yao alipofariki, dada yake mdogo alichukua cherehani na picha, yeye akachukua shina la dalia, lile la maua mekundu yaliyokoza hadi kukaribia weusi.

Mwaka ulipopita dada akapiga simu kutoka mji wa mbali alikoolewa. "Kaka, nimegee japo kidogo. Nami nimwone mama akichanua."

Shina lilikuwa limenyauka. Akalifukua, akaosha viazi vyake, akavipanga chini ya taa ya kazi. Kiazi cha dalia hakioti kwa unene wake. Huota kwa jicho, kinundu kidogo kama kichwa cha pini, shingoni mwake kinapoungana na shina. Fundi akabana lenzi jichoni, akapekua shingo moja moja. Viazi vitano, jicho moja. Chenye jicho akakibakiza. Kinono kuliko vyote, kipofu, akakifunga kwenye gazeti akampelekea dada.

Jumapili simu ikalia. "Kaka, bado. Nikimwagilie?"

"Thubutu! Kitaoza."

"Haya, bwana shamba wa saa mbovu."

Fundi alicheka peke yake mpaka jioni. Miaka na miaka dada alikuwa hapigi ila kwa ugonjwa au msiba. Sasa kila Jumapili alipiga, wakianza na kiazi na kuishia kwenye magoti ya dada yanayouma, bei ya sabuni, mume wake anayekoroma. Fundi akaanza kunyoa Jumapili asubuhi, kana kwamba simu ina macho.

"Chako je?"

"Kinasuasua," alijibu, huku akitazama dalia yake iliyomfika magotini, na tumba la kwanza kileleni.

Jumapili ya tisa sauti ya dada ilikuwa chini. "Nimekifukua. Kiko vilevile. Mama alisema kweli, mkono wangu una kisirani. Hata yeye nilimuuguza akafa."

Roho ikamsuta. Angeweza kusema subiri, na simu zingeendelea.

"Si mkono wako," akasema. "Nilikupa kisicho na jicho."

"Hukujua?"

"Nilijua."

Simu ikakatwa.

Jumapili iliyofuata alinyoa, akakaa. Simu haikulia. Jumatatu akachukua kisu, akalikata shina pamoja na tumba lake, akafukua kiazi na udongo wake, akakifunga kwa gunia lenye unyevu na kukipeleka kwenye basi la mizigo.

"Mzee, hii ni mbegu au chakula?" karani akauliza.

"Ni cha dada yangu."

Zikapita Jumapili mbili. Ya tatu, simu.

"Kimefika."

"Kimeota?"

"Kina vichipukizi viwili." Kwa mbali mume wake alisikika akikohoa. "Basi, kaka. Nilitaka ujue tu."

Akakata. Fundi alibaki na simu sikioni, akingoja aongeze neno.