Laptop Iliyopiga Kelele Msibani

Nyie chekeni tu, mie nimeshazoea, maana hapa Yombo hata mtoto anayetumwa chumvi dukani akinipita anasema shikamoo Bibi Laptop, na aibu ya siku ile ipo mwilini mwangu kama kovu la ndui, sabuni haiitoi.

Mjukuu wangu Zuhura, binti wa marehemu mwanangu Saidi, anafanya kazi ya kompyuta kwenye kampuni moja ya mizigo. Laptop za kampuni zilikuwa zinaibiwa sana, bosi wake, Bwana Deogratius, akamwagiza azitie zote kitu cha kuzifuatilia, kwa hiyo Zuhura akawa anazileta nyumbani mojamoja, anazishughulikia mezani pangu ninapochambulia mchele.

"Bibi, humu ndani kuna laini kama ya simu," akaniambia. "Ikiibiwa tunaiuliza iko wapi, inajibu. Tukitaka tunaiamrisha ipige kelele."

"Na mwizi inamtaja jina?"

"Jina hailijui, bibi. Inajua mahali tu."

Nikamwambia basi huo ni umbeya wa nusu, sie hapa mtaani tunakutajia mwizi mpaka na ukoo wa baba yake. Tukacheka sana. (Laiti ningejua, kicheko kile ningekimeza.)

Kesho yake Zuhura akaenda Mbweni kwa bosi wake, laptop moja akaiacha inachaji. "Usiiguse, bibi." Sijamaliza chai, Mariamu mke wa Kambi akaingia analia: Tatu binti Mfaume amefariki. Tatu! Shoga yangu niliyewekwa naye ndani tulipovunja ungo, tukafundwa na kungwi mmoja, Bi Mwajuma Pazi, mpaka uzee umetukuta mtaa mmoja. Na muosha maiti wa kike hapa kwetu ni mie, kwa hiyo hata kulia nilitakiwa nilie kwa haraka.

Sasa nyie mnajua, msiba ukitokea wanawake wote tunahamia msibani, nyumba zinabaki tupu, na vibaka wanalijua hilo kuliko mashehe. Nikaitazama ile laptop, nikajisemea hii mali ya watu, Zuhura atafukuzwa kazi kwa ajili yangu. Nikaichomoa, nikaifunga ndani ya kanga, nikaenda nayo kwapani. Mlango wa uani nikausahau wazi.

Msibani pamejaa watu, hakuna pa kuweka kitu, nikakiona chumba cha Shabani. Shabani ndiye mtoto pekee wa Tatu. Ujanani alifungwa kwa wizi wa pikipiki, akarudi, akajifunza kuchomelea mageti, na nusu ya mageti ya mtaa huu kachomelea yeye, lakini watu bado wakimwona wanashika mifuko. Nikafikiri, chumba cha Shabani hakuna mtu atakayethubutu kukiingia. Nikaichomeka laptop chini ya godoro lake. Yaani jina lake baya nikalifanya kufuli langu, na mwenyewe sikumwambia, kwa sababu alikuwa makaburini anachimba, nikasema nitamwambia akirudi. Mkoba wangu wenye simu nikautundika jikoni, nikaingia kwa marehemu, tukafunga pazia, mie na Chausiku wa kumimina maji.

Kumbe huku nyuma Zuhura karudi, kakuta laptop haipo, mlango wa uani wazi, bibi hapokei simu. Akafanya kama kanuni zao zinavyosema: akampigia bosi. Bosi akawatuma walinzi wa kampuni na askari, Zuhura akaambiwa abaki palepale asiguse kitu. Na mashine nayo ikaulizwa, ikajibu: nyumba ya Tatu binti Mfaume.

Nimeshamwosha upande wa kulia, nageukia wa kushoto, ndipo nikasikia kelele ambayo sijapata kuisikia msibani. Uiii! Uiii! kama gari linaloibiwa. Chausiku akaangusha kata. Halafu viatu, watu wanakimbia, mlango unasukumwa, sauti ya kiume: "Chumba cha nani hiki?" Na watu kumi wakajibu kwa mpigo mmoja, utadhani wameitikia dua: "Cha Shabani!"

Nikasikia kibao. Nikasikia Mariamu anasema, "Hata siku ya mama yake, jamani!" Halafu nikamsikia Shabani mwenyewe, katoka kuchimba kaburi, anahema:

"Mie siijui hiyo! Wallahi siijui! Bibi Mwanahawa! Bibi, wewe si unanijua? Waambie!"

Pazia lile ni kitambaa tu, jamani. Ningepaza sauti mara moja. Lakini tulifundishwa, anayeosha hapigi kelele, siri ya maiti na heshima yake vipo mikononi mwake, na (niseme yote) niliwaza pia vile wanawake wote watakavyonigeukia. Nikajiambia nimalizie upande huu, watamuuliza tu, nitatoka. Chausiku ananitazama, hajui kitu. Nikasema, "Mimina maji."

Akamimina.

Tulipokwisha kumvika sanda nikatoka mbio, mikono imelowa, nanuka kafuri, nikasimama katikati ya turubai la wanaume ambako mwanamke hasimamagi, nikapiga kelele: "Ile laptop ni ya mjukuu wangu! Nimeiweka mie!" Mzee Kambi akasema taratibu, "Sasa Bi Mwanahawa, ndiyo unasema saa hizi? Shabani wameshampakia garini."

Nikapanda bajaji mpaka kituoni, kanga moja, miguu peku. Askari wa kaunta akanitazama juu mpaka chini. "Kwa hiyo bibi wewe ndiye mkuu wa genge?" Wenzake wakacheka. Nikawaambia cheka mwanangu, lakini mfungulie, mama yake anazikwa. Akasema hawezi, aliyeripoti ndiye aje afute maneno yake. Zuhura akaja analia, wakasema siyo yeye, ni bosi. Bwana Deogratius ndiyo kwanza anatoka Mbweni. Tukakaa kwenye benchi. Kila gari likisimama Zuhura anainuka, halafu anakaa.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa tumo mlemle. Maiti haisubirishwi, hilo nalijua kuliko wote. Wakamzika. Aliyeingia kaburini kumpokea Tatu ni mdogo wake wa kiume, wakati yule aliyelichimba yuko ndani kwa ajili yangu.

Bwana Deogratius alipofika akasaini, akasema pole, akamwambia Zuhura mfumo wake umefanya kazi vizuri sana. Shabani akatoka mdomo umevimba, udongo wa kaburi bado upo kwenye kucha. Nikampigia magoti mbele ya watu, mie wa kumzaa. Akaniinua. Tukaenda mpaka makaburini, akachota udongo kidogo akauweka juu ya ule wa wenzake, ndipo akauliza bila kunitazama:

"Ulimwosha vizuri?"

"Nilimwosha vizuri, baba."

"Ulinisikia nikikuita?"

Ningeweza kudanganya, Mungu anisamehe, neno lilikuwa ulimini.

"Nilikusikia."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji akakuta iko sawa, akatangulia kwenda nyumbani kwao kukaa matanga.

Zuhura kazi anayo bado, ila laptop haleti tena nyumbani. Mie naendelea kuosha, maana wengine waliojua wameshatangulia. Lakini sasa kabla ya kufunga pazia nasimama mlangoni, natangaza kama mnadani: "Jamani, mkoba ule wa jikoni ni wangu, mie Mwanahawa binti Selemani, una simu, kanga na tasbihi, nimeuweka mie!" Na nikiwa ndani, nikisikia jina langu linaitwa, naitika, hata kama mkono uko juu ya maiti. Watu wanacheka mpaka wanasahau kulia.

Shabani hachekagi. Anasimama pale karibu na mlango, ananisikiliza mpaka mwisho.