Sweta Aliyoifua Wamucii

Watu wa huku Kwa Gikonyo wakiumwa na kichwa hawasemi wanaenda hospitali. Wanasema wanaenda kwa Wamucii. Na Wamucii si daktari. Ni mhudumu wa afya wa mtaa, mmoja wa wale akina mama waliopewa mkoba na kipimajoto wakaambiwa watembelee nyumba mia moja. Yeye anatembelea zaidi ya hizo kwa sababu hajui kusema hapana, na hilo nimemwambia usoni mara nyingi. Mimi naitwa Nelima. Nauza uji na mandazi nje ya geti la dispensari, kwa hivyo mambo ya wagonjwa nayajua kumshinda karani wao.

Mtaa wetu uko ukishapita Yamumbi, pale mashamba ya mahindi yanapoanza kukatwa ploti na nyumba za mabati kuota katikati. Wamucii alikuja kuolewa hapa akitoka Nyahururu. Akamzaa Mungai, akafiwa na mume, na mwaka wa vita vile vya uchaguzi akakimbia na mtoto mgongoni, akakaa kwenye hema miezi. Aliporudi alikuta nyumba imeungua, akajenga tena. Tangu siku hiyo ana sheria yake moja: ataingia kila nyumba na kuosha kila kidonda, lakini barazani hafungui mdomo. Aliniambia mtu akishaambiwa mara moja arudi kwao, hasimami tena mbele ya watu kutoa maoni. Nikamwambia huo ni woga tu. Akanijibu kwamba mwoga yuko hai, na mandazi yangu yanaungua.

Sasa ngoja nikuambie habari ya Faith.

Faith ni binti ya Jelagat, mwalimu wa nasari. Alikuwa akifanya kazi ya nyumba Elgon View kwa matajiri, kwa hivyo asubuhi alikuwa akitoka mapema, mahindi yakiwa bado na umande. Jumanne moja ya mwezi wa saba, mahindi yakiwa marefu kumpita mtu, Dennis wa posho mill alimtokea kwenye kile kijia cha mkato. Si mtu wa kubahatisha sura. Ni yeye hutusagia mahindi sisi sote, na alikuwa amemsumbua msichana huyo tangu Pasaka. Alimshika akamvuta ndani ya shamba, ana kisu. Faith akakatwa mkononi, lakini naye akamuuma kiganja, karibu na kidole gumba, akang'ang'ana mpaka mwanaume akapiga nduru akamwachilia. Akakimbia. Alipofika kwa Wamucii sweta yake ya kijivu ilikuwa imelowa damu kifuani, na nyingi haikuwa yake.

Mama yake alikuwa ameenda matanga Burnt Forest. Wamucii alifunga ule mkono kwa kitambaa safi, akamshika msichana, wakaenda posti ya polisi moja kwa moja. Hapo hakukosea. Kesi lazima iandikwe kwenye kitabu cha polisi upewe namba, ile tunaita namba ya OB, na bila hiyo namba wewe hujaumizwa na mtu. Askari wa kaunta akawaambia wangoje, mwenye ufunguo wa kabati la kitabu ametoka kidogo. Wakakaa kwenye benchi masaa mawili. Mwenye ufunguo alipofika, akamwangalia Faith kutoka juu mpaka chini, akasema kwanza apelekwe akatibiwe, kitabu kitaandikwa akileta karatasi ya daktari.

Haya. Wakapanda mlima mpaka dispensari. Karani akawaambia kesi ya kukatwa kisu ni kesi ya polisi, na hawawezi kuigusa kabla ya namba ya OB. Wamucii akamweleza ametumwa na polisi hao hao. Karani akasema hiyo ndiyo sheria, na kliniko mwenyewe, yule anayetibu, anaenda lunch. Haki ya Mungu nilisikia kwa masikio yangu nikiwa na kata ya uji mkononi. Natamani ningemmwagia.

Walipotoka pale getini, Faith alishindwa kuendelea. Alikaa chini kando ya meza yangu akitetemeka, na baridi ya Julai ya hapa unaijua. Watu wakaanza kukusanyika. Wengine wakatoa simu wapige picha, washenzi. Msichana akavuta ile sweta akitaka kuificha, na popote aliposhika, mikono ilizidi kuchafuka. Wamucii akavua leso yake akamfunika, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mtoto wa watu hawezi kukaa hivi kama mbuzi wa kuchinjwa. Tumpeleke nyumbani."

Nikafunika sufuria, nikachukua ule mche wa sabuni ninaooshea vikombe, nikawafuata.

Kwa Wamucii tuliteka maji ya moto. Akamwogesha Faith kama mtu anavyoogesha mzazi aliyejifungua jana, akamvalisha rinda lake mwenyewe, akampa chai ya tangawizi, akamlaza. Kisha akaichukua ile sweta. Nilimpa sabuni. Akaisugua kwenye beseni maji matatu mpaka yakatoka meupe, nami nikaikamua nikaianika kwa kamba. Tulihisi tumefanya kitu. Siku nzima hakuna mtu aliyekuwa amemsaidia yule msichana, na sasa angalau nguo yake ilikuwa safi.

Usituhukumu haraka. Wamucii alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili kule taoni. Walifundishwa kwamba mwanamke akibakwa asioge na nguo zisifuliwe. Faith hakubakwa, alikuwa amejinasua. Wamucii akaona somo lile halimhusu.

Mambo yalisonga siku iliyofuata, na unajua ni kwa nini? Kwa sababu yule mama aliyemwajiri Elgon View alishangaa Faith hajafika kazini, akampigia mtu anayemjua. Kesi ikaandikwa, mkono ukashonwa, Dennis akashikwa. Akaja mpelelezi kutoka taoni, kijana mpole anaitwa Kigen, amevaa koti safi. Faith alipomweleza vile alivyomuuma Dennis, uso wa Kigen ukang'aa. Akasema hiyo ni kesi nzuri sana, Dennis anadai alikatwa na mkanda wa mashine, lakini damu yake ikipatikana kwenye nguo ya huyu dada hana pa kukimbilia. Akaomba sweta.

Wamucii aliingia chumbani akaileta. Alikuwa ameipiga pasi na kuikunja vizuri, mikono ndani, vile unakunja nguo ya kutoa zawadi. Kigen akaifungua, akaigeuza, akainusa.

"Mama," akasema, "hii imefuliwa."

Hakumtukana. Alieleza tu, polepole, kwamba sasa ni neno la Faith dhidi ya neno la Dennis. Wamucii alibaki amesimama, mikono imenyooka mbele yake, kana kwamba sweta ilikuwa bado iko hapo. Ijumaa Dennis alikuwa nje.

Jelagat aliporudi kutoka matangani alikuta binti yake haongei. Alimuuliza Wamucii kesi imefikia wapi, na Wamucii akasema polisi wanasema ushahidi hautoshi. Hakusema uongo, lakini hakumaliza sentensi. Wiki tatu nzima Jelagat alienda pale posti kila jioni baada ya shule kuwafokea, akiwaambia wamekula kitu kidogo, na kila jioni alipita kwa Wamucii kumshukuru. Alimletea mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, kwenye kibuyu. Wamucii hakuweza kuinywa. Alinipa mimi, na mimi nikainywa.

Alikonda. Usiku halali, mchana anasahau kipimajoto kwenye kwapa za watu. Nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, na hata tukisema, Dennis atarudishwa ndani? Hatarudishwa. Kwa hivyo tunyamaze.

Mwezi wa nane ikatangazwa baraza kwenye uwanja wa shule ya msingi. Mkubwa wa polisi angekuja, na mkubwa wa afya, wasikie malalamiko ya wananchi. Tulikutana kwanza dukani kwa Gikonyo kuchagua msemaji, kwa sababu sisi tukiachwa kila mtu aseme lake tunamaliza na ng'ombe ya mtu kuingia shamba la mtu. Jina likatajwa moja: Wamucii. Ni yeye alitembea kati ya posti na dispensari na damu ikidondoka, nani mwingine anayajua? Alikataa. Akakataa tena. Ndipo Jelagat akamshika mikono yote miwili mbele ya watu, akamwambia, "Mama Mungai, mimi nikisimama nitalia tu. Wewe nisemee."

Angefanya nini?

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia: sema ya posti, sema ya dispensari, sweta iache mahali iko. Akaongeza mwendo.

Siku yenyewe watu walijaa. Dispensari ilikuwa imefunguliwa tangu saa mbili asubuhi na glavu mpya zimepangwa dirishani, eti kila siku huwa hivyo. Dennis naye alikuja. Ndiyo, alikuja! Alibeba viti vya wageni kutoka kanisani, kitambaa kimefungwa kiganjani.

Wamucii alishika kipaza sauti akaanza polepole, lakini akizoea, huyo mama anaongea. Alieleza yale masaa mawili, ufunguo wa kabati, karani na namba yake. Alisema mgonjwa wa huku anapigwa teke kama mpira kati ya ofisi mbili. Watu wakapiga makofi mpaka mkubwa wa afya akaanza kuandika. Nilijivunia. Nikajiambia sasa keti, mama, umemaliza.

Mkubwa wa polisi akasimama, amejibu baraza nyingi huyo, hana haraka. Akakubali posti ina upungufu, gari halina mafuta, askari ni wachache. "Lakini na nyinyi wananchi mtusaidie," akasema. "Hiyo kesi tulikuwa nayo mkononi. Nguo yenye damu ya mshukiwa tuliletewa imefuliwa na kupigwa pasi. Sasa mnataka tupeleke sabuni kortini?"

Watu wengine wakacheka. Jelagat akaruka kutoka kwa kiti chake, akapaza sauti kwamba huo ni uongo, polisi wameipoteza nguo ya mtoto wake na sasa wanatafuta wa kulaumu. Akataka aambiwe, aliyefua ni nani. Na watu wakaitikia, atajwe, atajwe. Mkubwa akageuza makaratasi yake akitafuta jina.

Wamucii alikuwa bado ameshika kipaza sauti.

"Ni mimi," akasema. "Mama Faith, ni mimi nilifua. Sikujua. Na nilipojua sikukuambia."

Jelagat alimwangalia Wamucii, akakaa chini pole pole. Halafu kutoka kule nyuma sauti moja ya mwanaume ikasema kwamba hawa watu wa kuja ndio huwa wanaharibu mambo ya wenyeji, na hakuna aliyemnyamazisha. Mimi niliyetoa sabuni, mimi niliyeianika, nilikuwa nimekaa safu ya pili na mdomo wangu huu unaojulikana mtaa mzima, na sikuufungua. Hadi leo nikikumbuka naona haya.

Mkubwa wa polisi alishusha mabega. Akasema wananchi wamejisikia wenyewe. Mkubwa wa afya akafunga kalamu yake. Chifu alikuwa anatafuta mchungaji wa kufunga kwa maombi, na yale yote ya ufunguo na karani yalikuwa yanaenda kuzikwa hapo.

Ndipo Faith akainuka. Wiki tatu hajatamka maneno kumi. Alipita mbele ya mama yake, akachukua kipaza sauti mkononi mwa Wamucii, na hakukielekeza kwa watu. Alimwelekea mkubwa wa polisi.

"Nilikaa kwa benchi yenu masaa mawili na hiyo damu," akasema. "Askari wenu wote walipita wakaniona. Hakuna aliyeniuliza ni ya nani."

Akamrudishia Wamucii kipaza sauti, akabaki amesimama kando yake.

Mkubwa akasema litaangaliwa. Nyuma, Dennis alianza kukusanya viti, vile vile kwa mkono uliofungwa, akavibeba akapita katikati ya askari wawili waliokuwa kwenye geti la shule. Wakasogea apite.

Jelagat hajaongea na Wamucii mpaka leo. Faith huenda kwake kila Jumapili baada ya kanisa, na mama yake anajua, hamzuii. Wamucii bado anazunguka na mkoba wake, ijapokuwa kuna nyumba kadhaa hazimfungulii siku hizi. Kuhusu benchi, tuliambiwa ripoti imeandikwa.

Na ile jioni ya baraza, jua halijazama, tulisikia mashine ya kusaga inanguruma. Posho mill huku ni hiyo moja, nyingine iko mbali kwa miguu. Kesho yake asubuhi foleni ilifika barabarani, watu na debe zao za mahindi, wale wale waliopiga makofi uwanjani. Nawajua wote, nilikuwa wa nne kwenye foleni. Unga wangu wa uji ulikuwa umeisha.