Wajomba wa Kuku wa Matonge

Asubuhi ya Julai, upepo wa Bariadi ukiuma masikio, niliona foleni dukani nikaingia. Sisi hupanga mstari kwanza, kinachouzwa tunauliza baadaye. Mzee aliyenitangulia alifanya hivyohivyo: alitaka sabuni, akapewa kilo ya mwisho ya unga wa ngano.

Mama nyuma yangu akashika kichwa kwa mikono miwili.

“Mzee wangu, kuku yuko jikoni anachemka. Baba mkwe anakuja mchana kutoka Nkololo, nami nilimwahidi matonge ya ngano.”

“Matonge gani hayo, mayu?” mzee akauliza, kaukumbatia unga.

Mama akaonyesha kwa vidole. “Unakanda unga kwa maziwa, unafinya vidonge kama yai la kanga, unavitumbukiza kwenye mchuzi unaotokota. Unafunika, huchungulii. Vinavimba, vinanyonya mchuzi mpaka vinalegea.”

Foleni nzima ikameza mate, wa kwanza mimi.

“Chukua,” mzee akasema, ila mkono haukuachia. “Lakini nitaubeba mwenyewe mpaka kwako.”

“Baba mkwe nimwambieje?”

“Mimi ni mjomba wako.”

Kwa baridi ile, nani angebaki? Tukafuatana, na njiani sote tukawa wajomba. Ujamaa tunaohubiriwa jukwaani, mimi niliuona kwenye sufuria: kuku mmoja, wajomba watano, kila mtu na matonge yake mawili, mvuke usoni.

Baba mkwe alituangalia mmoja mmoja, akafuta mchuzi kidevuni.

“Nashukuru hamkuonekana siku ya mahari,” alisema. “Zizi langu lingebaki na kinyesi tu.”