Alinishusha Mlimani kwa Ugonjwa Ambao Sinao

Admin, jina langu lisionekane popote, maana huku Rufiji tunajuana sote. Mimi ni mwanamke, mwaka huu nimetimiza miaka arobaini, ni mwalimu wa sekondari, nina mume na watoto wawili. Nimefanya jambo ambalo wengi mtanilaani, na mpaka naandika hapa sijalijutia. Someni mpaka mwisho ndiyo mnihukumu.

Nina shoga, tumwite Mwanahawa, ingawa si jina lake. Ni muuguzi. Tumezaliwa mwezi mmoja, na mama yake ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki nikiwa darasa la nne. Usichanani tuliahidiana kwamba tukifika arobaini tutapanda mlima nje ya nchi. Watu walitucheka, wakatuuliza Kilimanjaro imehama lini. Tukawajibu tunataka pasipoti zetu zigongwe muhuri. Tukachagua Mlima Kenya. Kwetu ni bonde tupu, mlima hatuna, kwa hiyo miezi sita nzima, kila Jumapili, tulishika njia ya Mbwara kwa miguu, kila mtu na kilo kumi za mchele mgongoni, tunarudi Ikwiriri jua likiwa kali.

Siku ya tatu mlimani Mwanahawa akaanza kutapika na kichwa kikimuuma. Mie nilikuwa mzima. Nikampa maji ya moto, nikamfunika, nikamwambia apumzike. Jioni ile mwongozaji wetu akaniita pembeni, akanitazama kwa huruma, akasema kwa hali ya afya yangu siwezi kuendelea, kesho nitashuka na mpagazi. Nilibisha, nikalia, hakukubali. Nikashuka nikidhani ameona kitu usoni mwangu ambacho mwenyewe sikijui. Siku niliyotimiza arobaini nilikuwa kambi ya chini, nimekaa kwenye benchi, natafuna biskuti peke yangu.

Mwanahawa akarudi na picha aliyosema ni ya kileleni, kashika bendera ya taifa, nyuma yake ukungu mtupu. Kibiti anakoishi walimpokea kwa ngoma. Na kila aliposimulia aliongeza kwamba mie niliishiwa pumzi mpaka akanibebea begi. Wanafunzi wangu wakanibatiza Mwalimu Nusu Mlima. Nikavumilia.

Mwezi uliofuata nikamtumia yule mwongozaji ujumbe wa kumshukuru. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti. Niliisikiliza nikiwa ofisi ya walimu, na maneno yake nimeyashika yote: "Mwalimu, nafurahi moyo wako unaendelea vizuri. Mwenzako alifanya la maana kuniambia ulizimia wakati wa kujifungua na kwamba moyo haujapona tangu siku ile. Yeye ni muuguzi, singeweza kumpuuza. Mpe pole, asivunjike moyo kwamba tuligeuka kabla ya kilele. Atarudi siku nyingine."

Ni kweli nilizimia. Nilipata kifafa cha mimba, mtoto wangu wa kwanza akafia tumboni, na aliyenishika mkono siku hiyo ni Mwanahawa. Moyo wangu haujawahi kuumwa hata siku moja. Alichukua msiba wa mwanangu akautumia kunishusha, ili nisifike mahali ambapo yeye mwenyewe hakufika.

Nilimpa nafasi. Nilimfuata kwake Kibiti, nikamuuliza kwa upole kama kuna neno lolote alimwambia mwongozaji juu yangu. Akanitazama machoni. "Wallahi sikumwambia kitu. Mlima ulikushinda, shoga yangu, ukubali tu." Nikacheka, nikamaliza chai yake, nikaaga.

Nilipofika shuleni nikapendekeza Mwanahawa awe mgeni rasmi kwenye mahafali ya kidato cha nne, aje kuwatia moyo wasichana. Kamati ikafurahi sana. Mie nikawa mshereheshaji. Kitenge alichovaa nilimchagulia mie, na mama yake nilimkalisha mstari wa mbele kwa mkono wangu mwenyewe. Mwanahawa akasimama, akaeleza jinsi alivyobusu kibao cha kileleni, watu wakampigia makofi. Alipoketi nikachukua kipaza sauti, nikasema tuna salamu kutoka kwa mwongozaji wake wa Kenya. Nikaisogeza simu, nikabonyeza.

Nilijua na siri yangu ya uzazi itasikika, tena mbele ya wanafunzi. Nikaona isikike.

Sauti ilipoisha, Mwanahawa aliinama kutafuta viatu alivyovivua chini ya meza, akapata kimoja, akatoka nacho mkononi, miguu yote peku. Nilimsindikiza kwa macho mpaka getini. Sitawadanganya, nilisikia raha ambayo hata siku ya ndoa yangu sikuisikia.

Sasa yuko Ngarambe kwa shangazi yake, kazini haendi, simu hapokei. Wiki iliyopita mama yake akaja kwangu, akaketi mkekani. Hakunigombeza. Akasema, "Nimewalea wawili. Mmoja kanidanganya, mwingine kanikalisha mbele nione aibu vizuri. Nenda kamlete mwenzio, mwanangu. Mie hanisikilizi." Akaniambia nisipokwenda kabla ya Ijumaa atakwenda mwenyewe, na mnawajua wazee wenye kisukari, mguu wake umevimba hata kandambili haingii.

Mwanahawa hajaniomba radhi mpaka leo, hata kwa ujumbe mmoja. Mie nataka arudi, ila arudi asimame mbele ya watu walewale, aseme kwa kinywa chake kwamba aliapa kwa jina la Mungu akijua ni uongo. Asipofanya hivyo akae hukohuko. Lakini nikimwangalia bi mkubwa nakosa usingizi, maana mama mwingine sina, na radhi yake naihitaji.

Ndugu zangu, mngekuwa mie mngekwenda Ngarambe au mngekaa? Nipeni ushauri, Ijumaa haiko mbali. Ila anayetaka kuniambia nisamehe tu yaishe, aanze kunieleza nimsamehe nani, wakati hakuna aliyeniomba.