Mbio za Kukwepa Salamu

Nakumbuka asubuhi niliyotaka kulia mbele ya mabeseni ya samaki. Hujazaliwa bado, mwanangu, na mimi mwenyewe ningali navaa sare ya shule. Naandika sasa nisije nikazeeka nikajifanya sikuwahi kuogopa.

Mwalimu wetu wa michezo alitaka wasichana watano wa kwenda Mansa, mji mkuu wa mkoa wetu hapa Zambia, kwenye mbio za nyika. Mama alishasema, "Usipochaguliwa, kukimbia kuishe. Jioni zako ni za sokoni." Basi nikawa najifua kila asubuhi kwenye njia ya Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru. Agizo la mwalimu lilikuwa jepesi: kaza mwendo hadi nguzo ya umeme, punguza hadi nguzo ya pili, kaza tena. Alisema ndivyo pumzi inavyojifunza kurudi.

Mimi sikupunguza. Sababu yake naona haya hata kuiandika. Njia ile imejaa akina mama wanaoanika chisense, dagaa wetu wa Mweru, juu ya mchanga. Anayepita polepole lazima apinde goti awasalimie kwa Kibemba, na Kibemba changu kina Kongo ndani yake, maana sisi tulitoka ng'ambo ya ziwa. Nikifungua mdomo tu, wanacheka. Lakini anayekimbia sana hadaiwi salamu. Kwa hiyo nilipaa, nguzo hadi nguzo, kila siku, na kila tulipofanya mazoezi pamoja, Mutale, mwepesi kuliko wote shuleni, na wenzake walizidi kuniacha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilikuwa limeanza kuuma.

Ndipo Kambo, bibi yangu mzaa mama, aliposimama katikati ya njia, beseni kichwani.

"Weye! Nani anakufukuza?"

"Hakuna, Kambo. Ni mazoezi."

"Mazoezi ya kukimbia batu? Bamama banasema mujukuu yangu anabapita kama mbwa mwenye aliiba samaki!"

Wakacheka wote. Nikatazama mchanga.

"Mwalimu alisema nini?"

"Mbio, kisha polepole."

"Na ile polepole yako iko wapi? Basalimie."

"Mwashi... mwashi..." Pumzi ikakatika katikati ya neno.

"Unaona? Polepole ni ile yenye mutu anasalimia mupaka mwisho. Ukishindwa, ujue bado unakimbia. Na bakicheka, bacheke. Kicheko haiume mutu."

Tangu siku hiyo nilisalimia. Walicheka kweli, mwanangu, na masikio yaliniwaka moto. Lakini kufika nguzo ya pili pumzi ilikuwa imerudi.

Siku ya kuchaguliwa, njia ilikuwa ileile: kutoka shuleni hadi mchangani, kisha kupanda kilima kurudi. Tulipoingia mchangani wenzangu walizidisha kasi. Mimi nikapunguza. Mwanangu, sijui kama kuna jambo gumu kuliko kupunguza huku migongo ya wenzako inakwenda. Mmoja alinipita akisema, "Umechoka, Mukongomani?" Moyo ukaniambia, mfuate! Nikawaza jioni zangu zote sokoni. Nikang'ang'ana na mwendo wangu.

"Mwashibukeni!" bibi mmoja akaita kutoka kwenye chisense yake, yaani, umeamkaje?

"Eya mukwai, mwashibukeni, bamayo!" Naam, umeamkaje, mama: nikaitikia hadi mwisho, nikakunja goti kidogo bila kusimama. Safari hii walipiga vigelegele.

Kilimani nikakaza. Yule wa "Umechoka" alikuwa ameshika kiuno. Nikampita, nikampita na mwingine. Mutale sikumwona hata kisigino. Mbele ya geti la shule palikuwa na msichana mmoja tu kati yangu na Mansa, nami nikamfikia msichana huyo pale mwalimu alipoita, "Nne!" Bega langu likatangulia lake. "Tano! Basi."

Jioni hiyo Mama hakuniita sokoni. Alinisogezea maji ya kuoga.

Mwanangu, mwenda pole hajikwai, ila anayekwenda pole siku zote hufika watu wamekwisha kula. Kaza panapotaka kukazwa, punguza panapotaka kupunguzwa. Usipunguze kwa uvivu, na usikaze kwa kuogopa midomo ya watu, kwa maana hofu haina nguzo ya kupumzikia. Mungu akupe miguu ya kufika, na njiani akuachie pumzi ya kuitikia wanaokuita.