Mdomo Uliopimwa Dawa Ikiwa Ndani

Haya nimeambiwa na Cha Pil-lye mwenyewe, Alhamisi iliyopita asubuhi, mimi nimelala kifudifudi juu ya kitanda chake cha plastiki na yeye ananisugua mgongo. Alisema, "Bibi, yaandike wewe mwenye subira. Mimi nikiandika nitatukana." Basi nayaandika, ingawa subira yenyewe imenipungua.

Saa kumi na moja alfajiri Pil-lye yuko hamamuni, upande wa wanawake. Amevaa sidiria nyeusi na chupi nyeusi, ndiyo sare ya kazi yake. Anamwagia kitanda ndoo ya maji ya moto, anavaa glovu ya kijani ya kusugulia nongo, anaita namba.

"Kumi na saba! Umejiloweka dakika ngapi?"

"Kumi, shangazi."

"Rudi majini. Ngozi kavu haisuguliwi, inachubuliwa."

Ana miaka hamsini na minane. Ishirini na miwili ameimaliza hapa, tangu mgodi wa makaa wa kwao Taebaek ulipofungwa na mumewe akafa kwa kifua. Anatoza won elfu ishirini na tano kwa mwili mzima. Siku nzuri wanakuja tisa, siku mbaya watatu. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena.

Kwa vidole hivyo amemlea binti mmoja, Yeo-jin. Msichana ana miaka ishirini na saba, anauza rangi za midomo katika duka kubwa la ghorofa. Siku moja msimamizi wake alimwambia mbele ya wenzake, "Wewe unauza rangi ya midomo, mdomo wako wa juu uko wapi?" Wenzake wakacheka. Yeye akacheka nao, akaenda kulia chooni.

Hapa ndipo Pil-lye anapojilaumu. Miongoni mwa wateja wake kuna mwanamke anayeitwa Meneja Pyo, mshauri katika kliniki ya urembo kusini mwa mto unaokata jiji. Kila wiki kwa miaka sita Pil-lye amemlaza juu ya kitanda hiki akamtoa nongo.

"Nilidhani mtu uliyemwona uchi hana pa kufichia uongo," anasema. "Nikampeleka mwanangu kwake kwa mkono wangu huu."

Machi, huko kliniki, Yeo-jin alidungwa dawa ya kujaza mdomo. Mwezi wa kwanza ulipendeza. Akaambiwa aongeze. Akaongeza tena. Dawa ikaanza kupanda juu ya mstari wa mdomo, ikatuna pale kama ukingo wa dirisha, na ile nafasi kati ya pua na mdomo ikaonekana ndefu kuliko alivyozaliwa nayo.

Juni, Meneja Pyo akatoa rula. "Milimita kumi na nane! Dada yangu, hii haitibiki kwa sindano. Tukate sita hapa chini ya pua, tushone, mdomo unyanyuke. Ukikubali leo, unapata bei ya leo." Yeo-jin akaandikishwa kukatwa Jumatano iliyofuata. Daktari wa kumkata hajamwona hata kivuli chake.

Yaani waliomharibu ndio hao hao waliomuuzia kutengenezwa!

Jumapili kabla ya siku hiyo, alikuja mteja mgeni, mwalimu wa shule, amevaa barakoa mpaka kitandani.

"Vua, dada, huu mvuke utakukaba," Pil-lye akamwambia.

Akavua. Chini ya pua kulikuwa na mshono, na meno ya mbele yanaonekana.

"Usinione nimeachama, shangazi. Nimefunga mdomo. Hapa ndipo unapofika." Akaeleza: walimkata dawa ya kujaza ikiwa bado ndani. Mwaka uliofuata dawa ikaisha, ndipo ikajulikana wamekata nyama nyingi mno. "Dawa ingeyeyushwa kwa sindano moja. Nilichokatwa nitakirudisha kwa sindano gani?"

Pil-lye alimsugua taratibu, hakumtoza.

Jioni Pil-lye alimsimulia mwanawe, akamwambia asikatwe. Nyumbani ikawa vita. "Mama, wewe unasugua migongo, si daktari!" Yeo-jin akapiga kelele.

"Sawa, nasugua migongo. Na hata mimi msugua migongo siigusi ngozi mpaka iwe tayari. Huyo wako anataka kisu kabla ya kuujua mdomo wenyewe!"

Jumanne hamamu hufungwa. Walikwenda kliniki wote wawili, Yeo-jin shingo upande. Meneja Pyo akawapokea kwa kahawa na tabasamu.

"Shangazi! Leo wewe ndiye mgeni wangu."

"Kahawa sitaki. Nataka daktari."

"Daktari ana ratiba, shangazi. Mimi ndiye ninayeeleza."

"Kesho utakata wewe?"

Pil-lye akaketi katikati ya ukumbi, akavua viatu, akakunja miguu kama yuko kwake. Wasichana watano waliokuwa wakingoja wakainua macho kutoka kwenye simu. Haikupita robo saa, daktari akatoka, kijana safi, saa ya dhahabu mkononi.

"Mama, tatizo nini?"

"Ulipimwa mdomo wa mwanangu, au ilipimwa dawa?"

"Tunakadiria."

"Ukiyeyusha dawa kwanza, ukangoja uvimbe uishe, ndipo ukapima, je, si utaona vizuri zaidi?"

Daktari akamtazama Meneja Pyo. "Ingekuwa vizuri zaidi, ndiyo. Lakini nafasi ya kesho imeshapangwa."

"Uso wa mtu ukatwe ili ratiba yako isiharibike?" Pil-lye alisema kwa sauti inayosikika juu ya maji ya hamamu, kwa hiyo kliniki nzima ilisikia. Msichana mmoja akaokota mkoba wake akatoka. Wanne walibaki. Hao wanne ndio wanaomkosesha Pil-lye amani mpaka leo, na mimi pia.

Yeo-jin aliinuka kitini. Kisha akamwambia Meneja, "Futa jina langu."

Daktari mwingine, mama mtu mzima mwenye chumba kidogo juu ya duka la dawa, aliyeyusha kile kijazo, akamrudisha nyumbani wiki tatu. Alipopima, rula ilisema kumi na sita. "Ukitaka kukatwa, mbili na nusu zinatosha, na mshono utaonekana, nisikudanganye," alimwambia. "Ukitaka kujaza kidogo tu, inawezekana. Usipotaka lolote, huna ugonjwa."

Meneja Pyo siku hizi anasuguliwa hamamu ya mtaa wa pili.

Alhamisi hiyo aliponisimulia, saa nane mchana, Pil-lye alimaliza kazi. Yeo-jin alikuwa na mapumziko, amekuja na mayai ya kuchoma. Tulilala watatu kwenye sakafu ya hamamu inayopashwa joto kwa chini.

"Mama, bado nautaka mdomo ulionyanyuka," msichana akasema.

"Najua."

"Nitangoja mvua za majira ya joto ziishe, niuzoee kwanza huu wangu. Nikiutaka bado, utaniruhusu?"

"Una miaka ishirini na saba, ruhusa ya nini? Nitakuja kukaa mlangoni. Lakini atakayekukata nataka nimjue jina, na akupime mwenyewe."

"Utavua viatu tena?"

"Nitavua na soksi."

Yeo-jin akacheka, mkono haukwenda kufunika mdomo. Punde akalala. Pil-lye akamtazama, akatazama, akasema, "Bibi, nifinye niamke saa tisa," naye akasinzia kabla sijajibu.