Siku Mama Alipofagia Kimbunga

Majani ya mkahawa yakipondeka hutoa harufu mbichi, kali kidogo, na asubuhi ile kijiji chetu cha milimani, upande wa Matiri, kilinuka hivyo kila kona. Jioni iliyotangulia upepo wa kuzunguka ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Ulivunja mikahawa, ukalaza mahindi kwenye ngolo, yale mashimo tunayolimia sisi Wamatengo ili mvua isibebe udongo, kisha ukaondoka na nusu ya paa letu. Bati moja tulilikuta bandani, nguruwe amelilalia kama kitanda chake. Hakuna aliyeumia, lakini chumba chetu sisi watoto kilikuwa kinatazama mbingu, na msimu wa mvua ulikuwa haujafika hata katikati.

Baba alikuwa kijiji cha Ukata kwa dada yake. Balozi wa nyumba kumi akapita akitangaza kwamba kesho yake kamati ya kata itakuja kukagua, na wale ambao nyumba zao zimeharibika sana watapewa mabati. Katika maneno yote hayo, mama alichokamata ni kwamba wageni wanakuja. Niseme wazi, nampenda mama yangu sana, lakini uchafu mbele ya mgeni ulimkosesha raha kuliko njaa. Siku ya ukaguzi alituamsha mapema. Tukaficha mabati yaliyokunjamana nyuma ya banda, tukainua mikahawa na kuiegemeza kwa miti, tukaziba nyufa kwa udongo. Juu ya chumba kilichokuwa wazi alitandika turubai la kuanikia kahawa, akalifunga kwa kamba za katani, likakaa vizuri utadhani fundi alilipwa. Uwanja ukafagiliwa hadi ukabaki na mistari ya fagio. Mimi na wadogo zangu tulijivuna kweli.

Kamati ilipofika, mama alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Tukawaamkia wageni, wakaletewa chai na viazi vya kuchemsha. Mtendaji wa kata, mzee mpole mwenye buti zenye matope, alitazama huku na huku, akamuuliza mama tumepata hasara gani hasa.

“Tunamshukuru Mungu, baba,” mama akajibu. “Tumeamka salama. Karibuni chai.”

Basi wakanywa chai, wakamsifu mama kwa kujitahidi, wakaenda kwa majirani. Mabati yalipokuja, kwetu halikushuka hata moja. Baba aliporudi na kuelezwa, alicheka hadi akakaa chini, kisha akainuka kukinga ndoo, maana aliona mvua inatuvujia. Akamwambia mama kwamba wageni amewapokea vizuri mno.

“Ulitaka waikute nyumba yangu uchi?” mama akamuuliza.

Tulilala chini ya turubai msimu mzima, tumebanana kwenye kona kavu, na ilipofika kahawa ya kuanika, turubai likahitajika, baba aliuza nguruwe akanunua mabati. Nilimkasirikia mama wakati ule. Leo nikikumbuka tulivyobanana usiku, joto la wadogo zangu ndilo linalonijia kwanza.

Siku hizi upepo ukipiga, watu hawagusi hata msumari kabla ya kupiga picha na kuzituma kwenye kundi la kijiji. Ni jambo jema, nami huwahimiza. Msimu uliopita upepo ulipopiga tena kwa mama, nilimpigia simu kutoka Mbinga mjini nikamsihi asiguse kitu hadi kamati ifike. Akaitikia. Nilipofika kesho yake nilikuta kila kitu kiko pale kilipoangukia, matofali, majani, masufuria, na mama ameketi katikati kwenye kigoda, mikono mapajani, haniangalii usoni. Hakunikaribisha. Katika maisha yangu yote sikuwahi kufika kwa mama nisikaribishwe.

“Mwanangu,” akasema taratibu, “watu watanionaje?”

Nikaumia. Nikatoa simu, nikapiga picha kila pembe, ndani na nje, haraka haraka. Halafu nikavua viatu, nikamwambia, “Haya mama, tufagie.”